Nyota Yangu Ndani ya Tangi la Vugiri

Mwaka mzima niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili zangu zote za kidato cha nne, kwamba nyota yangu ilikuwa imefungiwa ndani ya tangi la chuma la lita mia tano kule Vugiri. Habari hizo nilipewa na mwendesha bodaboda wa Kwamsisi, ambaye naye alizisikia kwa mchoma mahindi wa Korogwe.

"Fundi," aliniambia huku upepo ukimrudishia maneno mdomoni, "kazi hupati kwa sababu yule mwenzako amekuchukulia nyota. Kaitia kwenye lile tangi lisilo na bomba la kuchotea, kisha kalivika godoro ili isipumue."

Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Nilishuka kabla pikipiki haijasimama.

Cheka tu, hata mimi leo nacheka. Lakini kwanza usikie nilivyofika hapo.

Mimi ni fundi bomba wa Handeni. Masomo ya jioni niliyasomea Korogwe, nikiingia darasani na saruji kwenye kope, na dawatini nilikaa na mjukuu wa manamba mmoja, wale waliotoka Unyamwezi kuja kukata mkonge. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzigua: watani tangu enzi za babu zetu. Kwa hiyo katika miaka yote ile hatukuwahi kusalimiana kama watu wenye adabu.

"Bado hujafa tu, mtani?" alizoea kuniuliza. "Sanda nimeshanunua, inaliwa na mende."

"Nasubiri uoge kwanza," nami nilikuwa nikimjibu. "Sitaki waombolezaji wakimbie."

Tulifaulu pamoja, tukaingia kwenye ufundi pamoja, na nilimpenda kama ndugu hadi siku aliponizidi.

Aliponizidia ni nyumbani kwa mama mmoja wa Vugiri. Mama huyo alikuwa muuguzi nchi za baridi, huko ambako watu hulala na ukuta wa moto. Alipostaafu akarudi kwao milimani, akajenga nyumba ya wageni yenye vyumba sita, na akaapa kwamba hatatetemeka tena maishani. Mwezi wa saba Vugiri hata jogoo huwika kwa kifupi. Basi akaagiza boila ya dizeli iliyotumika, iliyong'olewa kwenye ghorofa moja huko ng'ambo. Ilipoteremshwa kwenye lori nilidhani ni lori jingine.

Kazi ya kuifunga nilipewa mimi. Si kujisifu, lakini ninavyolehemu mimi, hata maji yenyewe huona haya kuvuja. Boila inapasha maji, pampu inayasukuma kwenye mabomba, yanapita katika vyuma vilivyotundikwa ukutani mfano wa rejeta za lori, chumba kinapata joto, maji yanarudi kupashwa upya. Siku tuliyowasha, mama alishika chuma cha chumba cha kwanza, akafumba macho.

"Mwanangu," alisema, "Mungu akuweke."

Kwa neno hilo nilitembea kifua mbele kutoka Vugiri hadi Korogwe, na pikipiki ninayo.

Kisha boila ikaanza visa. Inawaka, vuuu, dakika mbili haijamaliza inazima, tap. Kidogo tu, vuuu tena. Ikiwa wageni wamejaa, inavumilika. Wakiwa wawili na vyumba vingine vimefungwa, inawaka na kuzima mara elfu kwa siku. Pengine ilikuwa mia, lakini wageni walihesabu elfu. Kiwashio chake kiliungua, nikabadilisha. Kikaungua cha pili. Cha tatu nilipokifunga nilikisomea dua.

Mama akawa ananipigia simu. "Fundi, imeanza tena."

"Nipo njiani, mama."

Njiani kwenyewe ni juu ya paa la mtu Handeni, nikifunga simtanki. Nilikuwa najua nitafika, siku yoyote katika siku za Mungu.

Nilipofika kweli, nilikuta kimya. Nikaingia chumba cha mashine. Ubavuni mwa boila yangu, yangu mimi niliyeifunga, lilisimama tangi refu kunizidi kichwa, limevikwa sponji nene na kufungwa mikanda kama mtoto mgonjwa. Mabomba manne yameingia humo, mawili kutoka kwenye boila, mawili kwenda vyumbani. Na mtani wangu amechuchumaa mbele yake, anapangusa vumbi.

"Karibu mwenye msiba," alisema. "Marehemu boila amepona."

Nililitazama lile tangi. Halina bomba la kuogea. Halina bomba la kunywea. Lina koki moja tu ndogo chini kabisa, na geji ya kusoma msukumo wa maji. Nikaliuliza moyoni: wewe kazi yako nini? Mtani alianza kunieleza, nakumbuka mdomo wake ukicheza, lakini wivu una pamba zake za masikioni. Nilichokisikia ni boila yangu ikiunguruma taratibu, muda mrefu, bila kukatika, kwa ajili yake. Kwangu haikuwahi kutulia hata wakati wa kunywa chai.

Tangu siku hiyo kila kitu chake kiliniuma. Viatu vyake vya ngozi. Namna mama alivyomwita "injinia", wakati mimi nilikuwa "fundi" tu. Hata kikombe: yeye alinywea chai kikombe chenye maua, mimi cha plastiki. Na kama vile haitoshi, kazi zikaanza kunikauka. Mwenye duka wa Korogwe akampigia yeye. Mwenye mashine ya kusaga akampigia yeye. Simu yangu ililala hadi nikawa najipigia kwa simu ya mke wangu kuhakikisha haijafa.

Ndipo yule wa bodaboda aliponipa habari za nyota, na kila kitu kikakaa mahali pake. Bila shaka! Tangi lisilochotwa, maji yaleyale yanazunguka humo usiku na mchana, hayatoki, hayaingii. Kama mtu anataka kufunga nyota ya mwenzake, chombo gani kingine angetafuta?

Huenda ningevumilia. Lakini mdogo wake yule mama alikuwa akijenga nyumba ya wageni Lutindi, vyumba kumi, naye anataka joto kama la dada yake. Mama ndiye angemchagua fundi, na alikuwa amesema atatoa jibu kabla ya wiki kwisha. Kazi ile nikiipata, jina langu linarudi. Nikiikosa, nabaki fundi wa kuzibua masinki hadi uzeeni. Nyota niliihitaji ndani ya wiki ile ile.

Kwetu, mtu akidhani nyota yake imechafuka huoga maji maalumu alfajiri, ameelekea jua linakotoka. Maji yangu maalumu nilijua yalipo. Nilipanda Vugiri mchana, madumu mawili ya lita tano yamefichwa kwenye begi la spana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea."

"Nilisahau koleo langu chumba cha mashine."

"Pita tu. Unapajua."

Alivyosema "unapajua" nilikaribia kurudi. Karibu tu. Nilifungua ile koki ya chini, maji yakatoka meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni wiki nzima, yananuka misumari ya kutu. Nikasema, unaona? Nyota yangu imeteswa. Nilijaza dumu moja. Nikajaza la pili, la akiba. Fundi mzima, mwenye cheti, nikaona mshale wa geji unashuka mbele ya macho yangu, na nikageuza uso kama mtu aliyekutana na anayemdai.

Kesho yake alfajiri nilioga uani kwangu Handeni. Mke wangu alichungulia mlangoni, akanitazama kuanzia utosini hadi unyayoni.

"Baba watoto, unaoga au unajipaka rangi?"

"Nyamaza. Nafungua nyota."

"Imefunguka. Masikio yameshakuwa ya popo."

Sijamaliza kujifuta, simu ikalia. Mama wa Vugiri! Nilipiga kelele majirani wakatoka. Miezi mingapi hajanipigia, leo maji hayajakauka mwilini ananitafuta! "Njoo, fundi," alisema, "njoo leo leo." Na mimi, kwa mara ya kwanza katika historia ya Handeni yote, nilisema nipo njiani nikiwa njiani kweli. Pikipiki ilipanda ule mlima kama imeitwa harusini. Nilishaanza kupanga vyumba kumi vya Lutindi kichwani: hiki kitaanzia hapa, kile kitamalizia pale.

Nilikuta wageni wamejifunika mablanketi barazani. Chumba cha mashine, mama amesimama mikono kifuani, na mtani wangu amepiga goti mbele ya geji. Mshale umelala chini kabisa. Boila imekataa kuwaka, maana mashine ya aina ile maji yakipungua msukumo hujizima yenyewe isije ikaungua.

"Nimekuita wewe na yeye," mama alisema. "Maji yametoka hapa, na hayavuji popote. Nataka kujua yamekwenda wapi."

Mtani alikuwa ananitazama masikio. Akatazama kucha zangu. Akasogea, akaninusa, kweli akaninusa.

"Mtani," alisema polepole, "umeoga wapi?"

Ningeweza kudanganya. Nilifungua mdomo nidanganye, ukatoka ukweli wote: bodaboda, mchoma mahindi, nyota, godoro, madumu. Hata kikombe chenye maua nilikitaja. Nilipomaliza hakuna aliyecheka. Mtani wangu, mtu aliyecheka hadi mazishini kwa shangazi yangu, na hiyo ilikuwa haki yake, leo hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Wageni wangu wamelala na baridi," mama alisema, "ili wewe uoge." Akageuka kwa mtani. "Lutindi utakwenda wewe."

"Mama, nilikwambia tangu mwanzo," mtani alijibu. "Kulehemu simuwezi huyu. Vyumba kumi bila yeye vitavuja."

Nilishtuka kuliko kama ningetukanwa. Tangu mwanzo! Mwaka wote nikimtafuna moyoni, yeye alikuwa akinitaja kwa wema nyuma ya mgongo wangu. Na nisidanganye: hata hilo niliona wivu, kwamba hata kwa moyo amenizidi.

Mama alifikiri. "Ataenda chini yako. Na simu zake utapokea wewe." Akatoka kwenda kuwachemshia wageni chai.

Tukabaki wawili, tukijaza maji mengine badala ya yale niliyoyaiba, mimi nimeshika mpira, yeye anasoma geji. Mshale ulipofika mahali pake, boila ikawaka, vuuu, ikaendelea. Nikasubiri anitanie. Alipangusa mikono, akaweka spana chini.

"Leo sisemi kama mtani," alisema. "Ndani ya hilo tangi mna maji, basi. Boila ni kubwa, vyumba ni vichache. Ilikuwa na maji kidogo ya kupasha, yanapata moto upesi, inazima, yanapoa, inawaka tena. Mimi nimeiongezea maji. Sasa ikiwaka inawaka muda mrefu, ikizima inapumzika, na vyumba vinachukua joto lililowekwa kwenye tangi. Hilo sponji ni la kuzuia joto lisipotee. Habari za nyota nilizianzisha mimi, kwa yule mchoma mahindi, nikikutania. Na kazi huzipati kwa sababu watu wakikupigia simu unasema upo njiani, na wewe upo Handeni."