Mjomba Anataka Funguo za Pikapu Yangu, Nami Sitoi

Habari zenu wasomaji wa ukurasa huu. Jina langu lifichwe, na la mjomba wangu pia, maana huku tunajuana wote. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mitatu, mjane, nafanya biashara ya ufuta na korosho Nachingwea mjini. Nina binti mmoja na pikapu moja, na pikapu naiendesha mwenyewe. Ndiyo, mwanamke. Kwenye ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kushika usukani, kwa hiyo pakitokea mgonjwa, msiba au ngoma, naitwa mimi.

Mtu wa kwetu anajua jinsi watoto wanavyorudishwa nyumbani wakitoka jandoni. Wanavishwa nguo mpya, wanapakiwa nyuma ya gari pamoja na ngoma na kina mama, halafu gari linakimbizwa. Honi, vumbi, vigelegele! Ukienda taratibu watu wanaucheka ukoo mzima. Na mimi kwa kukimbiza nilikuwa nasifika, mpaka koo nyingine zilikuwa zinanikodi.

Mwaka juzi nikiwa nawarudisha watoto wa jirani, trafiki akanisimamisha pale kijijini Mtua. Kashika ile tochi yao ya kupimia mwendo.

"Mama, umezidisha mwendo, na nyuma umepakia watoto."

"Afande, hii ni ngoma. Wewe umeletwa tu huku, mila zetu utazijulia wapi?"

Hakukasirika. Akasema wameanzisha darasa la Jumamosi la madereva wanaokimbiza magari, nichague mwenyewe, kulipa faini au kuhudhuria. "Ukija," akasema, "wewe utanifundisha mila, mimi nitakufundisha breki."

Faini nilikuwa nayo mkobani. Lakini maneno yale yalinikera, nikachagua darasa ili nikambishie mbele za watu. Ndivyo nilivyo, sikwepi mtu.

Darasani mwanamke nilikuwa peke yangu. Dereva mmoja wa lori akanitania, "Mama, umepotea, kliniki iko upande ule." Nikamwambia, "Na wewe umepotea, chekechea iko kule." Wakacheka, nikapata nguvu, nikambishia afande mpaka jasho likanitoka. Yeye akatutoa nje uwanjani. Akaweka gunia la pumba kwenye ukingo wa bodi ya pikapu yangu, palepale watoto wanapopenda kukaa, akaniambia nikimbize kama siku ya ngoma, na akipunga mkono nifunge breki.

Nikakanyaga. Akapunga, nikafunga breki. Gunia likaruka, likatua mbele ya gari, likapasuka, pumba zikatapakaa kioo kizima. Madereva wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilibaki nimeng'ang'ania usukani, sura za wale watoto wa jirani zinanijia moja moja. Afande akachungulia dirishani. "Haya mama, nifundishe mila." Jamani, mimi na mdomo wangu wote huu, nikashuka kuzoa pumba.

Mwaka jana watoto wa dada yangu wakatoka jandoni Nambilanje. Mjomba wetu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, akakaa mbele pembeni yangu. Kwetu mjomba ana sauti juu ya watoto kuliko hata baba yao. Na huyu mjomba ndiye aliyenilea na kunipa mtaji wa kuanzia biashara, kwa hiyo msidhani simheshimu. Nikaondoa gari taratibu.

"Kanyaga, mwanangu."

"Nimekanyaga, mjomba."

"Hii ndiyo kukanyaga? Watu wanatutazama!"

"Watutazame vizuri basi. Leo sikimbii."

Hatujafika mbali likaja gari la ukoo mwingine, likatupita na kutumwagia vumbi, wakapiga kelele, "Poleni na msiba!" Kina mama wakanyamaza kuimba. Mjomba akaniamuru nisimame. Akashuka na fimbo yake, akaenda kwa miguu, na kina mama wakashuka kumfuata. Niliingia kijijini na watoto na mpiga ngoma mmoja tu, naye alikuwa anapiga kwa aibu. Roho iliniuma, wallahi. Nililia huku naendesha, lakini mguu sikuuongeza.

Sasa msimu huu ni zamu ya binti yangu, anaingia unyagoni, naye siku ya kutolewa atarudishwa kwa gari vilevile. Mjomba amesema hafiki kumtoa mpaka nipige magoti mbele ya ukoo na funguo za pikapu nimkabidhi binamu yangu, eti aendeshe kama mwanamume. Mwali kutolewa bila mjomba wa ukoo kwetu ni fedheha, ni kama mtoto asiye na kwao. Mtaani nako wameanza maneno yao, mara nimerogwa, mara yule trafiki ni bwana wangu. Waseme mpaka wachoke.

Kinachoniumiza ni binti yangu. Jana alikuja akilia. "Mama, omba msamaha yaishe. Unataka nitolewe kama maiti?"

Nikamwambia, "Nataka utolewe ukiwa mzima."

Akabamiza mlango. Mpaka naandika haya hajagusa chakula changu.

Ndugu zangu, anayetaka kuniambia mila ni mila, asijisumbue, hiyo mila nimeiendesha mimi kuliko wengi wenu. Magoti nitapiga, hata kutwa nzima, kwa sababu mjomba ni mzazi wangu. Funguo sitoi. Nishaurini, niseme nini mzee huyu akubali kuja kumtoa mwanangu, akae tena pale mbele pembeni yangu, twende naye taratibu?