Barua Niliyoiandika Kabla ya Kwenda Roma

Barazani kwetu huniita Bwana Italia. Jina hili nilipewa na mshona kofia mmoja, jirani yetu wa mlango wa tatu, aliyechoka kunisikia nikisema kuta za mtaa wetu zinakaribia kuanguka na kwamba huko Roma zipo kuta za miaka elfu mbili ambazo bado zimesimama. "Basi rudi ukaziegemee hizo," alisema, "hizi za kwetu utazimaliza kwa macho." Watu wakacheka, na jina likabaki.

Nina miaka arobaini na mbili. Zaidi ya nusu ya umri huo nimeumalizia nje ya Mombasa. Nilipotoka shule nilikwenda Aden kuwa karani, kisha Tanga, kisha Unguja, na kila mahali nilipokaa niliota kwetu, na kila niliporudi kwetu sikumaliza mwaka. Hakuna anayeniuliza habari za Tanga. Huuliza Italia tu, zile siku kumi na mbili nilizotembezwa miji ya kale kama bwana mkubwa. Nami huzisimulia, kwa sababu mtu wa namna yangu hana kingine cha kuleta barazani. Lakini siku ya kwanza ya safari ile siisimulii. Huanzia siku ya pili.

Wakati wa vita nilikuwa karani katika kikosi cha uchukuzi. Tulitoka Misri tukavushwa hadi Italia, na vita vilipokwisha tukawekwa katika kambi ya mahema nje ya Napoli tungoje kurudishwa makwetu. Tulingoja miezi. Asubuhi moja tukatangaziwa mambo mawili pamoja. Meli ya Mombasa itaondoka baada ya wiki moja. Na wanaotaka kuona Roma, Firenze, Siena na Venisi watatolewa lori na mtu wa kuwaeleza, ila hao watangoja meli ya pili.

Wengi hawakutaka. "Magofu niliyoyaona mwaka huu yananitosha," alisema dereva mmoja wa Kisumu. "Mengine niliyafanya mwenyewe." Mimi nilitia jina langu kabla ya chakula cha mchana. Shuleni mwalimu wetu alikuwa akitundika ukutani picha ya uwanja mkubwa wa Roma, uliobomoka upande mmoja, na tangu siku hizo nilikuwa na hamu ya kusimama pale. Sikufikiri kwamba hamu hiyo ingeweza kumdhuru mtu.

Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimepokea barua kutoka nyumbani. Baba yetu alikufa ndugu yangu wa kike akiwa bado ananyonya. Mimi ndiye kifungua mimba, yeye ndiye kitinda mimba, na kati yetu hakuishi mtu. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa walii wake, na bila idhini yangu hakuna ambaye angeweza kumuozesha. Mama hakujua kuandika, basi alisema na ndugu yangu akaandika, kwa hati za Kiarabu, hati nzuri iliyonyooka kuliko yangu. Mama alisema wamekuja waposaji wawili. Mmoja ni mfanyabiashara mwenye duka Ndia Kuu, mtu mzima aliyefiwa na mkewe, na huyo ameletwa na ami, ndugu mdogo wa baba. Wa pili ni kijana, karani wa forodha kule Kilindini. Ami anataka jawabu. Njoo, au andika.

Chini kabisa, pembeni mwa karatasi, palikuwa na maneno ambayo hayakuwa ya mama. "Yule wa forodha, kaka, ukiridhia."

Kwetu msichana hamwambii kaka yake neno kama hilo. Najua ilimgharimu nini kuliandika. Nililisoma nikatabasamu, nikaikunja barua, nikasema nitaijibu vizuri nikipata nafasi.

Nafasi niliipata asubuhi ya kuondoka, lori limekwisha kuwashwa. Niliweka karatasi juu ya goti langu, nikamuandikia ami. "Baada ya salamu, nimekuweka wakili wangu umuozeshe ndugu yangu kwa yule utakayemuona wewe kuwa anamfaa. Wewe ndiwe baba yetu." Nikaweka sahihi, na wenzangu wawili Waislamu wakatia zao kuwa mashahidi. Yule wa forodha sikumtaja.

Nimejitetea kwa haraka ya lori, na ni kweli dereva alikuwa akipiga honi. Lakini haikuwa haraka peke yake. Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale. Sisi hatumuandikii ami "fanya hivi, usifanye vile". Humuachia mkubwa neno mkononi, naye, kwa kuwa umemheshimu, huja kukuuliza moyo wako unataka nini, na asipokuuliza wewe humwendea mama yako akamuuliza. Ndivyo nilivyoona watu wakifanya tangu utotoni. Nilidhani nimeandika barua ya adabu. Nikampa barua karani wa posta ya kambi, nikaruka lorini.

Aliyetuongoza alikuwa mwalimu mzee aliyestaafu, mwenye koti lililochanika mifuko na mwavuli asioufungua hata mvua ikinyesha. Alisema Kiingereza cha vitabuni. Ujira wake ulikuwa makopo ya nyama, na mchana wa kwanza nilimuona akifungua moja nyuma ya nguzo, akala kwa vidole, akajifuta, akarudi kutueleza habari za makaisari. Tulikuwa watu kumi na tano kutoka Afrika Mashariki. Askari wazungu walikuwa na lori lao na hoteli zao. Sisi tulilazwa katika madarasa ya shule. Mzee alipoulizwa kwa nini, alisema yeye anajua mambo ya kale tu.

Roma niliuona ule uwanja. Nilisimama, nikautazama, na baada ya robo saa sikujua nifanye nini zaidi. Palikuwa na paka wengi na harufu ya mkojo. Kilichonipendeza kilikuwa hekalu moja la duara lenye tundu katikati ya paa. Mvua ilikuwa ikinyesha siku hiyo na maji yalishuka ndani kama uzi, yakaanguka juu ya marumaru na kupotea katika vitundu vya sakafu. "Waliliacha wazi makusudi," mzee alisema. Nikaandika katika daftari langu.

Firenze madaraja yote yalikuwa yamevunjwa na Wajerumani isipokuwa moja, lenye maduka juu yake, na nyumba za ncha zake mbili zilikuwa vifusi. Mzee alituvusha mara mbili, kwenda na kurudi. Kisha akatupeleka katika nyumba ya matajiri wa zamani na kutuonyesha picha ya msichana mwenye paji pana na lulu shingoni. Alieleza kuwa msichana yule aliozwa kwa mtu aliyempita umri mara tatu, kwa sababu ami zake walifanya biashara ya sufu na mtu huyo.

"Alikubali?" aliuliza Mganda mmoja.

"Hakuna aliyemuuliza kwa namna ya kutaka jawabu," mzee alisema.

Nikaandika na hilo. Daftari lile ninalo hadi leo. Maneno yamo kwa penseli, hati nzuri, na nilipokuwa nikiyaandika sikumkumbuka mtu yeyote.

Siena ilikuwa siku moja tu. Venisi ndiko nilikoshikwa na kiu ya kwetu. Vichochoro ni vyembamba kama vyetu, mtu akija na mzigo unajibana ukutani, na wanawake huteremsha vikapu kwa kamba kutoka madirishani kama wanavyofanya mama zetu muuza samaki akipita. Nilitembea peke yangu jioni nzima nikisema moyoni kwamba nikirudi sitaondoka tena. Huwa nalisema hilo mahali popote ila Mombasa.

Meli ya pili ilichelewa. Baada ya Venisi tulirudi Napoli, tukakaa katika matope majuma saba bila kazi. Tulicheza karata. Tulifua nguo zilizokuwa safi. Nilipotia mguu Kilindini ilikuwa imepita miezi mitatu na zaidi tangu barua ile.

Mama alinifungulia mlango. Alinishika uso kwa mikono miwili, akalia kidogo, akanipa maji. Nikamuuliza mwari yuko wapi.

"Yuko kwake," alisema. "Si ulimuoza?"

Aliposema mume ni yule mwenye duka Ndia Kuu, nilimtaka aseme tena. Mama hakuelewa kwa nini. Alidhani mimi ndiye niliyemchagua, na kwa muda wote huo alikuwa amenikasirikia moyoni. Alinieleza ilivyokuwa. Mwalimu wa msikitini na mashahidi wawili walisimama nje ya pazia la chumba wakamuuliza ndugu yangu kama ameridhia. Ami akasema, "Barua ya kaka yako hii hapa," akaipitisha bahasha chini ya pazia aione hati. Mwalimu akauliza mara ya pili, na ya tatu. Ndugu yangu alinyamaza. Kimya cha mwari ni idhini, kila mtu anajua, wakaenda zao msikitini kuoza.

Kesho yake nilikwenda kwa ami. Alinikaribisha, akaagiza kahawa, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki asomwe hivyo. Yeye na mfanyabiashara yule walisali safu moja miaka ishirini.

"Uliandika 'utakayemuona wewe'," alisema. "Nikaona."

"Nilidhani unajua, ami, kwamba alikuwa akimtaka yule mwingine."

"Nilijua."

"Sasa?"

"Mwanangu, kujua kwangu mimi si neno lako wewe. Ungemtaja kijana yule ningemuoza, nikanuna siku mbili, basi. Hukumtaja. Nikasema, huyu amesoma, ameona dunia, kama angekuwa na la kusema angesema." Akaninyooshea kikombe. "Ulikuwa wapi hata usiwe na nafasi ya kuandika jina la mtu mmoja?"

Nikamwambia.

Ndugu yangu nilimkuta orofani, juu ya duka la Ndia Kuu. Mumewe alinipokea kwa heshima kubwa, akanikalisha juu ya zulia, akaita wageni wawili waliokuwa dukani waje wamuone shemeji yake aliyefika Roma. Nilisimulia lile hekalu lenye tundu. Sikuweza kukataa. Mwisho wakashuka, tukabaki wawili, na yeye akakaa mbali nami kidogo, kama mtu anavyokaa na mgeni.

"Nilidhani umemtaja huyu," alisema. "Nikasema, kaka amelisoma neno langu, na bado amemchagua huyu, basi ana sababu zake. Nikaona haya kulirudia. Ndipo nikanyamaza."

"Sikumtaja mtu."

"Najua. Baada ya arusi niliomba barua niisome."

Nilimwambia twende kwa kadhi. Nilisema nitaapa kuwa nilimkusudia yule wa forodha.

"Ulimkusudia hukumuandika. Mimi nilimtaka sikumsema. Kadhi tumpelekee nini?" Aliinamisha kichwa akakunja pindo la leso. "Na yule kijana amekwisha kuposa mtaa wa Makadara. Usimtie mtu katika maneno."

Tukasikia mumewe akikohoa dukani, akimpa mnunuzi bei ya saa ya ukutani.

"Ngoja nikuulize," akasema. "Niliozwa siku ya Alhamisi, wiki ya pili ya mfungo sita. Siku hiyo wewe ulikuwa ukitazama nini?"

Nilipiga hesabu ya siku kimoyomoyo. Ziara ilikuwa imekwisha zamani. Siku ile nilikuwa kambini, katika matope, nimelala hemani kwa sababu hapakuwa na la kufanya, na soksi zangu zimeanikwa juu ya kamba. Mchana ule, na michana mingi kabla yake, ningeweza kuandika kurasa kumi.

"Nilikuwa Venisi," nikamwambia.

"Ni kuzuri?"

"Ni kuzuri sana."

Kisha akainuka kuchukua birika, akanimiminia kahawa nyingine.

"Basi afadhali," alisema.