Niliwaunganisha Wakashinda Kura, Sasa Wananiomba Nikubali Kuitwa Mwizi

Admin, naomba unifiche kabisa, maana huku kwetu hata ukitaja meza niliyofanyia kazi watajua ni mimi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, nina watoto watatu, natoka pande za Gesima, Nyamira. Mume wangu ni fundi wa kujenga, kazi yake leo iko kesho haiko. Nimefanya kazi katika kiwanda kimoja cha majani chai, upande wa kupakia, tangu kifungua mimba wangu akiwa chekechea. Sasa yuko sekondari, na miaka hiyo yote niliitwa kibarua.

Kilichonifanya nisinyamaze tena ni yaliyompata rafiki yangu, nimwite Kemunto ingawa si jina lake. Tulikuwa tunasimama meza moja. Alipopata mimba na tumbo likaanza kuonekana, msimamizi alimwambia aende nyumbani apumzike. Alijifungua, akarudi, akakuta msichana mwingine amesimama mahali pake. Soja wa getini hata hakumfungulia. Alikaa nje na mtoto mgongoni akilia, na sisi tuko ndani tunapakia chai kama hatusikii. Baadaye walimchukua tena, lakini kama mtu mgeni, anaanza upya. Siku ile ya kulia getini nilifika nyumbani nikashindwa kula.

Nikaanza kuongea na wenzangu tujiunge na chama cha wafanyakazi. Kiwandani haikuwezekana, mkisimama watatu tu msimamizi anakuja kusikiliza. Kwa hivyo tukaunda egesangio, kile kikundi chetu cha kusaidiana shambani. Jumapili hii tunachuma majani kwangu, Jumapili ijayo kwa mwingine, mikono inachuma na midomo inapanga. Wengi waliogopa. Kuna mama mjane aliniambia, "Wewe una bwana. Mimi nikifukuzwa, watoto wangu watakula hicho chama?" Nilimrudia mara nyingi mpaka akasema sawa, mradi mimi ndiye nitangulie mbele. Nikamwahidi nitatangulia.

Kampuni ilikataa kututambua, ikasema watu wamelazimishwa kujiunga. Mwishowe, mbele ya afisa wa leba wa serikali, kampuni na chama wakakubaliana tupige kura ya siri: tunataka chama au hatutaki. Wiki hiyo ya kura, nikitoka kazini, soja akafungua mkoba wangu akatoa pakiti mbili za chai. Mimi sikuziweka, na Mungu wangu ananisikia nikiandika haya. Meneja alikuwa amesimama hapo kando tayari, kama mtu anayengoja mgeni. Akaniambia mbele ya shifti nzima, "Mama, na wewe nilidhani ni mtu wa kanisa." Nikafukuzwa papo hapo.

Siku ya kura nilisimama ng'ambo ya barabara, kwa akina mama wauza ndizi, kwa sababu sikuruhusiwa kuingia. Nikasikia vigelegele. Kemunto akatoka mbio akanikumbatia, akisema, "Dada, tumewashinda! Ni wewe umetufikisha hapa!" Tulilia pamoja pale barabarani. Kesho yake wakamchagua yeye kuwa mwakilishi wao, nikafurahi kweli. Nikajua jambo la kwanza watakalodai ni mimi nirudishwe.

Haikuwa hivyo. Kila nikipiga simu naambiwa ngoja kidogo, kuna mazungumzo. Nikaenda mwenyewe kortini kuishtaki kampuni ili jina langu lisafishwe. Kanisani wazee waliniomba nipumzike kwanza kufundisha watoto shule ya Sabato. Walisema kwa upole sana, lakini upole ule uliniuma kuliko matusi.

Sasa Jumapili iliyopita Kemunto alikuja kwangu na yule mama mjane. Kemunto ni mjamzito tena. Niliwapikia chai, hakuna aliyeonja.

"Dada, kampuni iko tayari kutia sahihi mkataba," akaanza. "Likizo ya uzazi iko ndani, na vibarua wataandikwa kazi ya kudumu. Lakini wanasema kesi yako iishe kwanza."

"Iishe vipi?"

"Uiondoe. Useme ulichukua, uombe msamaha."

"Nilichukua nini, Kemunto?"

Akaangalia chini. Yule mjane ndiye alijibu, "Mama, mtu mmoja hawezi kuzuia watu wote."

Kemunto akaanza kulia. "Nikijifungua kabla ya huo mkataba, watanifanya vile walinifanya. Wewe uliniona. Sisi tunajua hukuiba, na Mungu anajua. Si inatosha?"

Nikawauliza, kama mnajua, nani kati yenu atasimama kanisani Sabato ijayo aseme hivyo? Wakachukua leso zao wakaenda.

Mume wangu amesema nikiondoa hiyo kesi nitakuwa nimetangaza kwamba yeye ameoa mwizi, na watoto wake ni watoto wa mwizi. Lakini mimi nikilala namwona Kemunto akiwa amekaa pale getini. Meneja simlaumu sana, yeye alikuwa adui yangu wa wazi. Hawa niliwabembeleza mmoja mmoja mpaka wakaacha kuogopa, na ujasiri wao wa kwanza wameutumia kuja kuniambia nikubali kosa.

Wanataka jibu wiki hii. Nikikataa, mkataba unaweza kuanguka na wanawake wote watasema ni mimi. Nikikubali, nitazikwa na jina hilo. Wanawake wenzangu, hasa nyinyi mliowahi kupoteza kazi kwa sababu ya mimba, niambieni bila kunionea huruma: niwaachie mkataba wao, ama nishikilie jina langu? Msiniambie niombe. Nimeomba.