Mstari wa Kutazamia

Ofisini walimwita Kufuli. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja: kuandika ile sehemu ya programu inayogawa kumbukumbu ya kompyuta, na kuhakikisha wawili hawapewi kitu kimoja. Wenzake walimtania kwamba angefunga hata choo kisicho na mtu, naye alicheka nao. Alikuwa mtu wa suruali iliyopigwa pasi, anayefika saa mbili kasoro robo na kula chakula alichofungiwa na mkewe. Ukimtazama ungesema huyu hana la kuficha.

Kazi yenyewe inaeleweka hata kwa asiyeisomea. Kumbukumbu hukatwa kurasa, na kurasa zilizo wazi huwekwa kwenye orodha. Prosesa, yaani ubongo wa mashine unaotekeleza kazi, ikitaka ukurasa husoma orodha, huchukua wa kwanza, kisha huufuta orodhani. Lakini mashine moja ina prosesa nne, na zote zina haraka. Mbili zikisoma orodha kwa wakati mmoja, kabla yoyote haijafuta, zote huondoka na ukurasa uleule, na moja huandika juu ya maandishi ya mwenzake. Ndiyo maana huwekwa kufuli: anayetaka orodha hulishika kwanza, na wengine husubiri mpaka aliachie.

Mashine zao zilikwenda hospitali. Zilitundikwa ukutani wodini, zikionyesha mapigo ya moyo ya kila mgonjwa, kitanda kwa kitanda.

Wakati wa majaribio, miaka miwili kabla ya balaa, Kufuli aliona mara tatu mapigo ya kitanda kimoja yakitokea kwenye nafasi ya kingine. Alipata chanzo: njia moja ya nyuma katika programu ilifika kwenye orodha bila kushika kufuli. Alipoliweka, programu nzima iliganda. Sehemu moja ilishika kufuli la orodha huku ikingoja la skrini; nyingine ilishika la skrini huku ikingoja la orodha, na hakuna iliyoachia. Kutatua hilo kulitaka kupanga upya lipi lishikwe kwanza kila mahali, kazi ya wiki tatu, na mashine zilitakiwa kutoka Ijumaa.

Akaliondoa lile kufuli. Badala yake akaongeza mstari mmoja wa programu, wa kuandika saa kila njia ile inapopitiwa, apate kuitazama vizuri. Kasoro ikatoweka. Mstari ule uliichelewesha ile njia kidogo mno, lakini ikatosha prosesa mbili zisigongane. Alirudia jaribio mara mia mbili, kukawa kimya. Alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba hajatibu kitu. Akauacha mstari pale pale na kutia saini: kasoro imeondolewa.

Bado angeweza kurekebisha. Miezi iliyofuata alichora mpangilio sahihi katika daftari lake mpaka ukakamilika, ukurasa mmoja tu. Hakuuingiza kwenye programu, kwa kuwa kuuingiza kungekuwa kukiri kwamba saini yake ilikuwa ya uongo. Daftari likalala kwenye droo, naye akaendelea kuwahubiria wenzake uangalifu.

Meza ya pili alikaa mama mmoja wa watoto wawili. Walimwita Fagio, kwa sababu hakuvumilia mstari usio na kazi. Aliukuta ule wa Kufuli ukiandika saa ambazo hakuna aliyezisoma. Walipokuwa wanachukua chai alimuuliza kama bado unahitajika. Kufuli, huku anakoroga sukari, alisema ataangalia. Hakuangalia. Fagio alingoja wiki mbili, kisha akaufuta, na programu mpya ikapelekwa hospitali.

Siku ya ishirini na tatu tangu hapo, skrini ilionyesha mapigo matulivu ya kitanda cha tisa kwenye nafasi ya kitanda cha saba, kwa dakika sita. Aliyelala kitanda cha saba, seremala aliyekuwa aruhusiwe Jumatatu, alikata roho huku muuguzi akitazama namba nzuri.

Kamati ya watu watatu ilikaa asubuhi katika chumba cha mikutano. Ilichojua ni kwamba mara ya mwisho programu iliguswa na Fagio, na kwamba hana kibali cha maandishi. Alieleza habari ya chai. Kufuli alisema hakumbuki mazungumzo hayo.

Fagio alimgeukia. "Kaka, uliuandika wewe. Ulikuwa wa nini?"

"Wa kutazamia tu, dada."

La chai lilikuwa uongo mtupu. La mstari lilikuwa kweli, na ndilo lililomzika: kamati ilisikia kwamba Fagio ameondoa jicho la kuilinda mashine. Fagio alifukuzwa siku hiyo hiyo, na ripoti ikamtaja kuwa ndiye chanzo cha kifo.

Kesho yake Kufuli alifungua droo. Kufikia saa sita mchana, mpangilio mpya wa kufuli ulikuwa ndani ya programu na majaribio yanapita. Mkuu wa kitengo alikuja kusimama nyuma yake.

"Hii ni kazi ya wiki tatu, mzee. Umeipata wapi asubuhi moja?"

Daftari lilikuwa wazi mezani, na juu ya ukurasa kulikuwa na tarehe ya zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Mkuu aliisoma, akalifunga daftari taratibu na kulirudisha kwenye droo.

"Andika kwamba kasoro umeikuta leo," alisema.

Akaandika. Waliojua walikuwa wawili sasa, na kila mmoja aliona afadhali mwenzake aanze kusema.

Jumamosi, mkewe akianika nguo uani na kumsifia kwa dada yake jinsi alivyoiponya mashine, simu iliita. Alikuwa Fagio. Amesikia kasoro imepatikana. Aliuliza kama ilikuwa kwenye orodha ya kurasa. Kufuli alisema ndiyo.

Fagio alikuwa fundi, hakuhitaji kuelezwa.

"Kwa hiyo ule mstari ulikuwa unachelewesha," alisema. "Ulijua, kaka?"

Kufuli alishika simu sikioni. Alisikia pumzi zake Fagio, naye Fagio bila shaka alisikia zake. Kila mmoja alimngoja mwenzake. Mwisho Fagio ndiye aliyekata.

Hajapiga tena. Mashine haijakosea tangu siku ile, na jina lililo kwenye ripoti bado ni la Fagio.