Nduru Niliyoiitisha Mwenyewe, Sufuria Kichwani

Chekeni tu, mimi aibu imeshanizoea. Kila nikienda matanga upande wa Migori lazima mtu aniulize kama nimekuja na sufuria, kwa hivyo afadhali niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa wanaoongeza chumvi (ingawa, kusema kweli, pa kuongeza hapapo).

Ilikuwa miaka ya tisini, nimetoa kitabu changu cha kwanza cha watoto, hadithi ya vita vya Mwingereza na Mjerumani vilivyopita huku kwetu ziwani: mtoto Omolo amejificha kwenye matete ya Karungu, baba yake amechukuliwa kubebea wanajeshi mizigo. Nilianzia duka la vitabu Homa Bay, wakaja watu watano, watatu kati yao wakitafuta seti ya jometri. Nikasoma, nikaeleza vita humfanya nini mtoto, mmoja akasinzia akiwa amesimama. Mwenye duka akanihurumia. "Mwalimu," akasema, "hiyo sauti ni ya kutangaza kifo. Vita ni makelele, bwana. Wapigie makelele!"

Ushauri huo ndio ulionimaliza.

Kesho yake nilikuwa na shule moja nje ya Migori, na sikuichagua bure, kwa sababu kwao Adhiambo, mchumba wangu, kulikuwa hapo tu chini ya kilima, na Jumamosi ile nilikuwa niende kwao rasmi kwa mara ya kwanza. Nilitaka sifa zinitangulie. Mama yake alikuwa hajaniona hata kwa picha, na heshima ya mkwe kwetu Wajaluo si mchezo: maro, yaani mama mkwe, humpi mkono ovyo, humsogelei, mkikutana njiani unampisha. Adhiambo alikuwa ameniambia wazi, "Mama akikukataa, Owino, mimi sina maneno tena."

Basi nikaanza kusoma mbele ya shule nzima. Ukurasa wa tatu, miayo. Nikakumbuka makelele. Nikaomba sufuria ya chai ya walimu, nikaivaa kama kofia ya chuma (ilikuwa inabana, nikaigonga kidogo ikaingia), nikachomeka suruali ndani ya soksi, nikashika fagio kama bunduki, nikapanda juu ya meza. Watoto wakaamka! Nikawa napiga risasi, naanguka, nafufuka, nikafika pale wanajeshi wanapoingia kijijini na mama yake Omolo anapiga nduru, na mimi kwa utamu wa mambo nikasema, "Hebu tupigeni nduru wote, kama mama Omolo!"

Mtu aliyezaliwa huku, aliyenyonya huku, nikasahau kwamba nduru haina mazoezi. Ukiisikia unaacha ulichoshika unakimbia, hasa upande ule ambapo ng'ombe walikuwa wakiibwa kila mara. Na hii ilitoka kwenye koo za watoto zaidi ya mia mbili.

Walikuja kutoka pande zote, na mapanga, na rungu, mmoja amenyolewa ndevu upande mmoja na povu bado shavuni, mama mwingine na mwiko wenye ugali. "Ng'ombe imeenda wapi? Imeenda wapi?" Halafu wakaniona mimi juu ya meza.

"Yawa! Mwizi ndio huyu!"

"Hapana, hapana!" mwalimu mkuu akapiga kelele. "Huyu ni mwandishi!"

"Mwandishi gani anavaa sufuria?"

Nikajaribu kuivua ili nionekane mtu wa maana. Imekwama masikioni. Wanaume wawili wakanivuta, nikafuata na sufuria yangu mpaka chini, mmoja akapendekeza msumeno. Mwalimu mkuu, kwa nia njema kabisa, akaona aniokoe kwa cheo. "Wazee, mheshimuni! Huyu ni Bwana Owino wa Homa Bay, yule anaoa Adhiambo!"

Mama mmoja aliyesimama mbele na jembe begani akaliangusha, akajifunika uso kwa leso, akageuka, akakimbia kuliko alivyokuja. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Nilitamani ardhi inimeze, na sufuria yake.

Jumamosi nilikwenda na mjomba wangu kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Tukakaa sebuleni, wazee wananitazama masikio, mama mkwe yuko chumba cha pili nyuma ya pazia. Hatimaye shangazi mmoja akatoka. "Mama Adhiambo ako na swali moja tu."

Nikashika kiti.

"Watoto wametuletea hiyo hadithi hapa nyumbani, lakini haina mwisho. Huyo baba ya Omolo, alirudi?"

Kitabuni hakurudi. Nilimuua mwenyewe, ukurasa wa themanini, nikajisifu sana kwa ujasiri huo. Lakini pazia lilikuwa limetulia mno, na Adhiambo, aliyesimama mlangoni, alikuwa ameinamisha macho.

"Alirudi, mama," nikasema.

Kigelegele kikapasuka nyuma ya pazia, kuku akaletwa, mjomba akapumua. Wakati wa kuondoka ndipo Adhiambo akaninong'oneza kwamba babu yake mzaa mama alichukuliwa vita vya Hitler, na mama yake mpaka leo hajawahi kuambiwa alizikwa wapi.

Tangu siku hiyo nimeapa: nduru siitishi, sufuria naiacha jikoni. Kitabu kilipochapishwa tena, mhariri akaniuliza kwa nini baba Omolo sasa anarudi nyumbani akiwa mzima. Nikamwambia hayo ni mambo ya ukweni, aache hivyo hivyo.