Mkalimani wa Alhamisi

Kazi yangu ni mitambo ya sauti katika ukumbi wa mihadhara wa chuo kikuu. Nakaa kwenye kibanda cha kioo juu ya viti vya nyuma, na kila Alhamisi alasiri nawasikiliza wasomi nitake nisitake. Nimesikia mengi humo. Nimesikia habari za nzige na za mirathi, za nyufa kwenye zege, za usingizi wa watoto wachanga, na za kwa nini watu wa mtaa mmoja hucheka utani ambao mtaa wa pili wanauona matusi. Wiki moja mchumi alituambia vitunguu vimepanda bei kwa sababu ya barabara mbovu. Wiki iliyofuata mtu wa jiografia akasema ni mvua, na aliyekuja baada yake, wa elimu ya jamii, akaapa kwamba ni madalali na si kitu kingine. Wote walikuwa na picha zao ukutani na wote walipigiwa makofi. Mimi nilirudi nyumbani nikanunua vitunguu kwa bei ileile.

Lakini leo nataka kumzungumzia dada aliyekuwa akisimama kando ya meza ya mhadhiri, amevaa nguo nyeusi isiyo na maua ili mikono yake ionekane vizuri. Alikuwa mkalimani wa lugha ya alama. Wanafunzi walimwita Mikono, naye jina alilipokea bila kinyongo. Kazi hiyo kwa kawaida hufanywa na watu wawili wanaopokezana, maana inachosha kichwa kuliko mabega. Yeye aliifanya peke yake. Aliwaandama wahadhiri wampe maandishi yao mapema, nao wakampiga chenga mpaka asubuhi ya siku yenyewe, halafu wakapanda jukwaani na kusoma mbio kana kwamba kuna mtu anawafukuza. Sijawahi kumwona akiacha neno. Likija jina la mdudu ambalo hata mwenye mdudu analitamka kwa kujikwaa, Mikono alilitaja herufi kwa herufi kwa vidole, kisha akaendelea.

Chuo kilimwajiri enzi za mwanafunzi mmoja kiziwi aliyesoma sheria. Mwanafunzi alihitimu akaenda zake. Mkalimani akabaki, kwa sababu kwenye kiti cha mbele kabisa bado alikuwapo mtu mmoja aliyemtazama. Mtu huyo alikuwa fundi cherehani, mama mnene mwenye miwani, kiziwi tangu utotoni. Alikuwa pia mama mzazi wa mkalimani.

Mama yule aliacha shule darasa la tatu, kwa kuwa hapakuwa na mwalimu hata mmoja aliyeweza kuzungumza naye. Siku binti yake alipomleta kusikiliza habari za nyota, alitoka ukumbini ameduwaa, na tangu hapo Alhamisi mchana alikuwa anafunga kibanda chake cha ushonaji. Wateja walilalamika mpaka wakazoea. Hakuchagua mada. Nyufa za zege alizisikiliza kwa umakini uleule aliowapa nzige. Baada ya ule msururu wa vitunguu alimtuma binti yake aniulize, mimi fundi mitambo, eti hawa wasomi hawajuani? Ofisi zao ziko mbali? Nilicheka mpaka nikaminya kitufe kisichohusika, ukumbi mzima ukasikia cheko langu.

Kuna jambo moja Mikono alinieleza siku tunakunywa chai kibandani kwangu, na bila hilo hutaelewa yaliyokuja kutokea. Alipokuwa mtoto mdogo, mwenye nyumba alikuja kumtukana mama yake kuhusu maji yaliyomwagika uani. Mtoto akaona haya, akayalainisha yale matusi. Kwa alama akamwambia mama, "Anaomba tuwe waangalifu." Lakini mama alikuwa anaona uso wa yule mtu, na uso haukuwa wa kuomba. Mwenye nyumba alipoondoka, mama alimketisha binti yake chini. Akamwambia kila neno alipeleke kama lilivyosemwa, la kwake na la wengine. Hasira ni zangu, alimwambia, si zako uzichuje. Mikono aliishi kwa amri hiyo. Akisema kwa niaba ya mama yake husema "mimi", wala haongezi chumvi wala kupunguza.

Basi muhula mmoja, wiki chache kabla ya kufunga, mwenyekiti wa kamati ya mihadhara alimwita mbele ya jukwaa. Ni profesa wa biashara, mtu mpole wa sauti, na wapole wa sauti ndio ninaowaogopa. Mimi nilikuwa chini ya meza nafunga waya, hakuniona.

"Dada yangu, tuseme ukweli," alisema. "Hii imekuwa huduma ya nyumbani kwako. Anayehudumiwa ni mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni mama yako. Nikiulizwa nitajibu nini?"

"Jibu kwamba mihadhara hii ni ya watu wote," Mikono alisema. "Ndivyo mlivyoandika mlangoni."

"Na ni ya wote kweli. Hatujamzuia mtu. Lakini ukalimani utaishia muhula huu. Naomba usilichukulie kibinafsi."

Alipoondoka nilitoka chini ya meza nimewaka. Profesa huyohuyo aliwahi kuhadhiri mbele ya watu wa kuhesabika kwenye vidole, na nusu yao walikuwa wamesinzia, lakini sikusikia mtu akipendekeza aondolewe. Nilimwambia Mikono hivyo. Yeye hakuwa na muda wa hasira zangu.

"Anasema ni mtu mmoja?" aliniuliza. "Basi nitamjazia viti. Na wewe kaka, mama asijue neno hili. Akijua hatakuja tena, ataona ananiponza."

Tangu siku hiyo hakupumzika. Alikwenda karakana ya maseremala, akaenda kwa dobi, akaenda kiwanda cha mikate, kila mahali alipojua pana kiziwi. Aliwaeleza habari za mihadhara na sababu ya ukalimani kutaka kuondolewa, akawaonyesha picha. Wengi walimfurahia, lakini jibu lilikuwa lilelile. Seremala mmoja ndiye aliyelisema wazi: "Bosi wangu aniachie mchana kweupe nikasikilize habari za wadudu? Akinifukuza, utamlisha wewe mke wangu?" Mikono akarudi kwa mwenyekiti kuomba mihadhara ihamishiwe Jumamosi, hata mara moja moja. Akaambiwa wasomi nao wana familia. Akaomba aonane na kamati nzima. Akaambiwa kamati haikutani mpaka muhula ujao. Kila alipogonga mlango mmoja ukafungwa, alikwenda wa pili, na mimi niliyekuwa nikimtazama nilikata tamaa mapema kuliko yeye.

Mhadhara wa mwisho wa muhula ulikuwa wa mtafiti mwanamke aliyesomea sisimizi. Nilichungulia viti vya mbele kabla hatujaanza. Alikuwapo mama peke yake, mkoba mapajani, miwani imefutwa vizuri. Seremala hakuja, dobi hakuja, wa mikate hakuja. Mikono aliangalia mlango mara moja, akakunja mikono ya blauzi, akachukua nafasi yake. Nilimwelekezea taa nzuri kuliko niliyomwekea mhadhiri, na kama ni kosa, nilikosea kwa makusudi.

Mtafiti alikuwa mtu wa raha. Alieleza jinsi sisimizi wanavyohama wakibomolewa nyumba, jinsi wachache wanavyotangulia kutafuta pa kukaa, wanavyorudi, wanavyowavuta wengine mpaka kundi zima linakubali. Mikono alikalimani kwa nguvu zake zote. Wanafunzi wa nyuma waliacha simu zao wakawa wanaitazama ile mikono.

Ulipofika wakati wa maswali, mama alinyoosha mkono. Hiyo haikuwa mara ya kwanza, kwa hiyo mwenyekiti alimpa nafasi huku akitabasamu. Mikono alimgeukia mama yake, nami nikafungua kipaza sauti kilichobanwa kwenye ukosi wake. Mama alisimama, akaanza.

"Nina maneno mawili," Mikono alisema kwa sauti. "La kwanza ni la mwenyekiti. La pili ni la mtafiti. Mwenyekiti, nimeambiwa na fundi seremala, si na mwanangu, kwa maana mwanangu amenificha. Nimeambiwa ukalimani unaondolewa kwa sababu mkalimani ni mtoto wangu."

Hapo alisita. Mama alikuwa anaendelea, na binti alikuwa anaona maneno yanayokuja kabla yetu sisi. Nilidhani atanyamaza, na Mungu anisamehe, nilitamani anyamaze, maana uso wake ulikuwa umenionyesha kwamba linalokuja si jema kwake.

"Ni kweli ni mtoto wangu," alisema. "Basi mwondoeni."

Mwenyekiti aliacha kutabasamu.

"Mwondoeni, mleteni mtu baki. Mimi siji hapa kumtazama mwanangu. Namwona nyumbani, tena namwona akila. Nakuja kusikiliza mhadhara. Kama tatizo ni undugu, undugu nimeutoa. Sasa nitajieni tatizo lililobaki."

Binti alilitoa kila neno zima. Mama aliendelea, na mikono yake sasa ilikuwa inakwenda taratibu.

"Na kuna hili. Huyu amekuwa mdomo wangu tangu hajang'oa meno ya utoto. Hospitali ni yeye, benki ni yeye, kwa mwenye nyumba ni yeye. Amechoka, na mimi nimechoka kumtazama akichoka. Hajawahi hata siku moja kukaa karibu nami akasikiliza kitu kwa faida yake mwenyewe."

Mwenyekiti alikohoa. "Samahani kidogo," alisema. "Haya ni maneno ya mama, au ni maneno yako?"

Mikono hakumjibu. Kazi yake ilikuwa kupeleka kila neno, kwa hiyo hilo nalo alilipeleka. Aliinua mikono akamwambia mama yake alivyoulizwa, kama lilivyoulizwa. Mama alicheka mpaka mabega yakatikisika, kisha akajibu.

"Mwenyekiti," alisema Mikono, "yangekuwa ya kwake, angeomba kubaki."

Kicheko kilianzia viti vya nyuma kikashuka hadi mbele, na mwenyekiti mwenyewe akashindwa kujizuia. Mikono peke yake hakucheka. Alikuwa anangoja, macho kwa mama yake, kwa kuwa neno la pili lilikuwa halijasemwa.

"La mtafiti sasa. Umesema kundi likikubali, linahama. Na yule sisimizi anayekataa kuhama, wanamfanyaje?"

Mtafiti alifurahi kama aliyeulizwa habari za mtoto wake. "Hubebwa, mama! Mwenzake humshika kwa mdomo, humnyanyua, huenda naye mpaka nyumba mpya. Nimewaona kwa macho yangu."

"Asante," alisema mama kwa sauti ya binti yake. "Nimeridhika." Akaketi, akaweka mkoba mapajani.

Baadaye nilipita nyuma ya ukumbi nikikunja nyaya, nikawakuta kwenye ujia wanagombana. Ugomvi wa alama hauna kelele, lakini ukipita karibu unausikia upepo wake. Binti alikuwa analia huku mikono ikikata hewa. Mama alimjibu kwa ishara fupi fupi, uso wa mtu aliyekwisha kukata shauri na hana mpango wa kulirudia. Niliwapa kisogo nikaondoka. Niliumia sana kwa ajili ya yule dada, nasema ukweli. Nilimwona mama ni katili.

Mtafiti wa sisimizi alilishikilia lile swali la "tatizo lililobaki". Alilipeleka kwa wahadhiri wenzake, akiwamo mchumi, mtu wa jiografia na yule wa madalali, na kwa mara ya kwanza niliyoijua mimi wale watatu walikubaliana juu ya jambo moja. Mwenyekiti hakupata pa kutokea. Kamati ikaamua ukalimani ubaki, na mkalimani awe mtu asiye na undugu na msikilizaji yeyote. Mikono akaondoka. Sasa anakalimani mahakamani, anapokezana na mwenzake kama inavyotakiwa. Wiki nyingi hakukanyaga ukumbini, na nilipompigia simu alinijibu kwa mkato.

Halafu Alhamisi moja nikamwona anaingia na mama yake. Alivaa gauni la maua makubwa, nami nikagundua sijawahi kumwona na maua. Wakaketi pamoja mbele. Mhadhara ulikuwa wa mtaalamu wa udongo, na kando yake alisimama mkalimani mpya, bwana mrefu mwenye saa kubwa mkononi. Alikuwa mzuri, japo si kama yeye. Katikati ya habari za mmomonyoko bwana yule alibabaika kwenye neno gumu, na Mikono hakuweza kuvumilia. Alimgeukia mama yake, mikono tayari hewani, aanze kumfafanulia.

Mama aliishika mikono yote miwili kwa mkono wake mmoja, akaishusha mapajani kwa binti yake, akaituliza hapo. Kwa mkono uliobaki alimwambia kitu kifupi, bila kuondoa macho kwa mkalimani. Mikono alibaki vilevile mpaka mwisho wa mhadhara, mikono yake chini ya mkono wa mama, akimsikiliza mtu wa udongo.

Walipokuwa wanatoka nilishuka kibandani nikamuuliza Mikono mama yake alimwambia nini.

"Aliniambia ninyamaze," alisema. "Eti anasikiliza."