Galgo Wawili wa Kizimba cha Saba

Tulimzika dada yangu Obdulia Jumanne iliyopita. Padri alimtaja kuwa fundi cherehani na mwimbaji wa kwaya, na ni kweli. Lakini kuna kazi moja hakuitaja, nami sipendi iende kaburini bila kuandikwa. Kwa miaka kumi na sita Obdulia ndiye aliyekwenda kwenye banda la mbwa la manispaa kuchagua galgo wa kuokolewa.

Hapa kwetu La Mancha, msimu wa kusaka sungura ukifungwa mwishoni mwa Januari, baadhi ya wawindaji huwatupa galgo wao, wale mbwa wembamba wenye mbio. Wenye haya huwafunga langoni mwa banda alfajiri na kuondoka. Wasio na haya huwaleta mchana na kusimama kupiga soga. Kikundi cha akina mama alichokuwamo dada yangu kilichukua galgo halisi tu, maana ndio waliotakiwa na familia za kaskazini zilizowafuga nyumbani. Mwenye damu ya mbwa wengine aliachwa. Na hao galgo nao, nafasi hazikuwatosha. Miaka ile sheria ilikuwa ngumu: asiyechukuliwa ndani ya siku kumi alichomwa sindano ya kumuua.

"Moyo wa kuchagua unaupata wapi?" nilimuuliza siku moja.

"Moyo nauacha kwenye gari," alisema. "Ndani siingii nao."

Alikuwa na namna yake. Alianza na miguu. Alichuchumaa, akapapasa vidole kimoja kimoja, kisha goti, kisha shingo, kutafuta kovu pale mwindaji alipochimbua kwa kisu alama ya umiliki iliyowekwa chini ya ngozi. Halafu alitoa mkobani shali aliyolalia paka wake. Mbwa aliyenusa na kugeuka, huyo alifaa kwa nyumba yoyote, hata yenye paka. Uso aliutazama mwisho kabisa.

"Nikianza na uso nitawachukua wote," alisema. "Halafu niwalaze wapi, kanisani?"

Mwezi wa Februari, miaka minane iliyopita, mwenzake mwenye gari aliugua, nikampeleka mimi. Nafasi ilikuwa moja tu, nayo jikoni kwangu. Saturio, mlinzi wa banda, alitufungulia.

"Mama Obdulia, leo umekuja na nani? Mbona ameshika rozari kama anatupwa kwa simba?"

"Ni mdogo wangu, Visitación. Mchokoze tu, atakuombea uokoke ghafla."

"Mimi? Mke wangu kaomba miaka thelathini, kaambulia patupu!"

Katika kizimba cha saba walikuwamo majike wawili walioletwa pamoja. Mmoja alikuwa mweusi, wa miaka miwili hivi, miguu mizima, na shali aliinusa mara moja akaipuuza. Mwingine alikuwa mzee, mdomo umejaa mvi, amejiegemeza ukutani. Obdulia aliwapima wote wawili, akasimama.

"Huyu mweusi."

Wakati huohuo yule mzee alijikokota, akaweka kichwa chake kwenye sketi yangu. Nikaanza kulia.

"Dada, mwangalie basi."

"Nimeshamwangalia. Vidole vilivunjika zamani, na moyo unapiga ovyo."

"Ndiyo maana nasema. Huyo kijana atapata wa kumchukua. Huyu nani atamtaka?"

"Hakuna anayekuja, Visi. Leo ni siku yao ya kumi."

"Bwana wetu aliwaendea wagonjwa kwanza."

Saturio alitazama dari. Dada aliirudisha shali mkobani.

"Usinifanyie hivyo," alisema.

"Sikufanyii kitu. Nakuomba tu."

Dada alichukua kamba akamvisha yule mzee. Yule mweusi, akidhani zamu yake imefika, naye akanyoosha shingo na kungoja. Saturio akafunga mlango.

Yule mzee aliishi siku kumi na tisa jikoni kwangu. Alikuwa akila mkate uliolowekwa kwenye maziwa, basi. Alifia karibu na jiko. Mweusi alichomwa sindano asubuhi iliyofuata, baada ya sisi kutoka pale. Nilipoungama, padri aliniambia huruma si dhambi. Niliipokea baraka yake nikarudi nyumbani, na haikunisaidia.

Obdulia hakunigombeza hata siku moja. Jumapili alikuja kula dengu kwangu kama kawaida, akanitania kuhusu chumvi. Ila hakuniomba tena nimpeleke bandani. Hata gari lilipokosekana, alipanda basi, na mbwa wakaletwa na wenzake wa kikundi.

Mwezi uliopita, hospitalini alikolazwa, nilishindwa kuvumilia.

"Dada, yule mweusi."

"Yupi? Weusi walikuwa wengi."

"Unamjua."

Alifumba macho. "Aliyenyoosha shingo."

"Nisamehe."

"Kamba ilikuwa mkononi mwa nani?"

"Mwako. Lakini mimi ndiye..."

"Basi nyamaza. Wewe unalia tangu ubatizo wako, mama alikuwa anakuziba mdomo kwa mkate. Mimi nilijua linalopasa, nikafanya jingine ili unione mwema." Alipumzika kidogo, pumzi zilikuwa zinamwishia. "Sikukuchukua tena bandani kwa sababu ningefanya vilevile."

Kisha akaomba maji. Nilimnywesha kwa kijiko, mengine yakamwagika kidevuni, nikampangusa. Hakusema amenisamehe, na mimi sikupata maneno ya kumsamehe yeye. Hatukulizungumza tena, kwa kuwa siku tatu baadaye hakuweza kuongea.

Ninyi mliomfahamu, nawaomba mumtaje katika sala zenu. Mimi namwombea kila jioni, na baada ya jina lake namtaja yule mweusi. Hakuwa na jina, hivyo nasema tu "yule mweusi". Sijui kama inaruhusiwa. Sijamuuliza padri.